Mfanyakazi na Hesabu ya Mshahara Wake

Tarehe 1 Mei 2025, katika sherehe za Siku ya Wafanyakazi zilizofanyika kitaifa mkoani Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka huo. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Mfanyakazi anastahili ujira unaolingana na jasho lake, na madai ya mshahara bora ni madai halali ambayo hayapaswi kubezwa na mtu yeyote.

Hata hivyo, liko swali ambalo nyongeza ya mshahara peke yake haiwezi kulijibu. Ni watumishi wangapi ambao wiki mbili baada ya kupokea mshahara bado wana fedha mfukoni? Ni walimu wangapi wanaoweza kukabili maradhi au msiba wa ghafla bila kwenda kubisha hodi kwa mkopeshaji? Na ni wangapi kati ya hao wanaojua, kwa tarakimu na si kwa kukisia, watakuwa na kitu gani mkononi siku watakapofikisha umri wa miaka 60 na kutakiwa kukabidhi ofisi au chaki?

Maswali hayo si ya mtu binafsi tu. Mtumishi aliyezongwa na madeni hana utulivu wa kufanya kazi. Mwalimu anayejificha asikutane na wanaomdai hawezi kusimama mbele ya darasa kwa moyo mkunjufu, na mhasibu au ofisa manunuzi mwenye deni zito ni windo rahisi la mtoa rushwa. Kwa hiyo elimu ya fedha kwa mfanyakazi ni jambo la ulinzi wa utumishi wa umma wenyewe, na linastahili kujadiliwa hadharani kwa uzito uleule ambao hujadiliwa mishahara.

Yafaa kwanza kukumbuka tulikotoka kama taifa. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14. Kisha zikaja dhoruba moja baada ya nyingine: bei ya mafuta ikapanda ghafla mwaka 1973, ukame ukaikumba nchi mwaka 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Sabuni, sukari na unga vilikuwa bidhaa adimu, foleni zikawa ndefu, na vita dhidi ya ulanguzi ikatangazwa mwaka 1983. Mwaka 1986, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani ya shilingi ilishushwa kwa kiwango kikubwa.

Wazee walioishi katika miaka hiyo wanajua maana ya hesabu hiyo. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, noti iliyofichwa chini ya godoro hupoteza nusu ya nguvu yake ya kununua katika muda usiofika miaka mitatu. Mtumishi aliyeweka akiba yake yote katika noti aliamka akakuta akiba hiyo imeyeyuka ingawa hakuna mwizi aliyeingia ndani. Yule aliyekuwa na ekari za mihogo na migomba, au ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, alivuka.

Hali ya leo si ile. Katika miaka ya hivi karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa chini ya asilimia 5 kwa mwaka. Lakini mfanyakazi asilale usingizi kwa sababu hiyo. Hata bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, thamani ya fedha iliyokaa bure hupungua kwa nusu katika miaka ipatayo 18, muda ambao ni mfupi kuliko utumishi wa mwalimu mmoja. Mwaka 2024 kuna wakati dola moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,500. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya petroli nchini ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni ya mwaka huo. Nauli ilipanda, na mfanyakazi wa Tanzania alilipia vita ambavyo hakuvianzisha wala hawezi kuvimaliza. Dunia ya namna hiyo haitabiriki, na anayeishi ndani yake bila hesabu anaishi kwa kubahatisha.

Adui wa kwanza wa mfanyakazi katika jambo hili ni kutoijua hati yake mwenyewe ya mshahara. Inasikitisha kwamba wako wasomi wenye shahada ambao wakiulizwa mshahara wao hutaja kiasi kinachoingia benki, na wakiulizwa kilichokatwa hawana jibu. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, na mwajiri huongeza asilimia 15. Hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Iko kodi ya mapato, na kwa wengi iko michango ya chama cha wafanyakazi. Aliyesomeshwa chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Baada ya hayo ndipo huja marejesho ya benki, ya SACCOS, na ya maduka yaliyomkopesha samani na televisheni.

Taratibu za utumishi zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Waliobuni kanuni hiyo walikuwa na hekima: walitaka mtumishi apate chakula cha watoto wake hata akiwa na deni. Bahati mbaya wako wanaoifanya theluthi hiyo kuwa shabaha badala ya kuwa kizuizi. Hukopa mpaka mwisho wa ukomo, na wakishafika hapo hutafuta mkopeshaji wa pembeni ambaye makato yake hayaonekani katika hati ya mshahara. Hapo ndipo kanuni huvunjwa kwa siri, na mlango wa utumwa hufunguliwa.

Mkopeshaji huyo wa pembeni ndiye adui wa pili. Wananchi wameipa mikopo yake jina linalostahili: kausha damu. Imeripotiwa mara nyingi kwamba walimu na watumishi wa ngazi za chini huweka rehani kadi zao za benki pamoja na namba ya siri. Mshahara unapoingia, mwenye kuutoa si aliyeufanyia kazi. Mkopeshaji huchukua chake kwanza, na mtumishi hukabidhiwa masazo.

Hesabu ya mikopo hiyo si ngumu, na kila mwalimu wa darasa la tano anaweza kuiandika ubaoni. Mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi riba peke yake ni shilingi 60,000. Akishindwa kulipa deni lenyewe na akawa analipa riba tu, baada ya miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 720,000, na zile shilingi 200,000 bado anadaiwa zote. Mwenzake aliyekopa kiasi hichohicho katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, akilipa deni hilo kwa mafungu sawa kwa miezi 12, atatoa riba ya shilingi 13,000 tu. Tofauti kati ya 13,000 na 720,000 ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati za nyumba, ndiyo damu iliyokaushwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mikopo ya siku hizi imeyaleta matanga hayo kila mwisho wa mwezi.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni na aeleze masharti yake wazi. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Hatua hizo ni njema. Lakini sheria haiwezi kumfuata mtu chumbani anapoikabidhi kadi yake kwa hiari. Mkataba usioandikwa riba kwa mwaka na kwa mwezi, usiotoa nakala kwa mkopaji, na unaodai kadi ya benki iwe dhamana, ni mkataba wa kukataliwa hata kama njaa inabisha hodi.

Adui wa tatu ni tamaa ya utajiri wa haraka. Lugha yenyewe imewasaidia matapeli hapa. Upatu, au mchezo, ambamo watu kumi wanaofahamiana huchangishana na kupokezana kwa zamu, ni desturi njema ya kusaidiana. Kila anayepokea hupokea kilichotoka mikononi mwa wenzake anaowajua, wala hakuna anayeahidiwa faida. Matapeli wamelichukua jina hilo na kulivika piramidi, ambamo anayeingia leo hulipwa kwa fedha za atakayeingia kesho. Sheria ya nchi inauharamisha upatu wa namna hiyo. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, iliyowataka wananchi wapande "mbegu" na kuahidiwa mavuno maradufu, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Tangu hapo yamezuka majina mapya, mengi yakipitia simu za mkononi, lakini hila ni ileile.

Hapa pia hesabu ndiyo kinga. Kama kila mwanachama anatakiwa kuleta wawili, na kila mmoja wa hao wawili alete wawili, duru ya 10 itahitaji watu 1,024, na duru ya 20 itahitaji watu 1,048,576. Duru ya 26 itahitaji watu zaidi ya milioni 67, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, wakiwamo watoto wachanga. Piramidi haianguki kwa sababu ya fitina za Serikali wala kwa wivu wa majirani. Huanguka kwa sababu watu wa kuingizwa wamekwisha. Mwalimu anayejua vipeo na bado akapeleka akiba yake huko amelidharau somo analolifundisha.

Wapo watakaosema kwamba maneno yote haya ni mepesi kwa mwenye mshahara mkubwa, na kwamba mwenye laki tano, mke, watoto watatu na wazazi wawili kijijini hana cha kuweka akiba. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na asiyeukubali hajawahi kulipa kodi ya nyumba Dar es Salaam. Hakuna elimu ya fedha itakayoigeuza laki tano iwe milioni. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake huleta matokeo ya ajabu, kwa maana ni mwenye mshahara mdogo anayeumizwa zaidi na riba ya asilimia 30, na ni yeye asiyeweza kumudu kosa hata moja. Tajiri akitapeliwa milioni moja hubadili mipango ya likizo; tarishi akitapeliwa kiasi hicho mtoto wake hukosa shule. Kwa hiyo aliye na kidogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya hesabu.

Basi mfanyakazi afanye nini?

Jambo la kwanza ni daftari. Kwa miezi mitatu mfululizo kila shilingi inayotoka iandikwe: nauli, vocha, chai ya ofisini, michango ya harusi na ya misiba. Wengi watashangaa watakapojumlisha. Michango ni sehemu ya utu wa jamii ya Kitanzania na hakuna anayetaka ife. Lakini ziko kamati za harusi zinazomtoza mwalimu robo ya mshahara ili watu wale na kunywa usiku mmoja, na aibu ya kusema "sina" imewafanya watu wazima wakope ili wachangie. Kiasi cha michango kipangwe mwanzoni mwa mwezi, na kikiisha kiwe kimeisha. Mume na mke walitazame daftari hilo pamoja, kwa maana nyumba ambayo mmoja anaficha mshahara na mwingine anaficha madeni haiwezi kupanga lolote.

Jambo la pili ni akiba ya dharura, itakayotosha matumizi ya lazima ya miezi mitatu. Hii ndiyo silaha kubwa dhidi ya kausha damu, kwa kuwa wengi huenda huko kwa sababu ya jambo la ghafla, wala si kwa kupenda. Akiba hiyo ianze hata kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, itengwe siku mshahara unapoingia, kabla ya matumizi mengine, na ikae mahali ambapo hutolewa upesi lakini si kwenye simu ambako hushawishi kila saa. Yafaa ijulikane kwamba mwaka 2023 kiwango cha fidia ya Bodi ya Bima ya Amana kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Kinga hiyo si ya nadharia. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji. Mwenye akiba chini ya kiwango cha bima alikuwa na pa kushika. Mwenye zaidi alibaki akisubiri ufilisi.

Jambo la tatu ni ushirika. Vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, kwa sababu ilionekana kwamba mnyonge asipojiunga na wenzake hana pa kusemea. SACCOS ya wafanyakazi ikiendeshwa vizuri humpa mwanachama akiba, mkopo wa riba nafuu na sauti katika mkutano mkuu. Ikiendeshwa vibaya huwa shamba la viongozi wachache. Kwa hiyo mwanachama asiridhike na kukatwa hisa kila mwezi bila kuhudhuria mkutano. Aulize hesabu zilizokaguliwa ziko wapi, viongozi wenyewe wamekopa kiasi gani, na mikopo isiyorejeshwa ni mingapi. Kiongozi anayechukia maswali hayo hafai kukabidhiwa fedha za watu.

Jambo la nne ni uwekezaji, yaani kuifanya akiba ifanye kazi ili isiliwe na bei. Milango iliyo halali imeongezeka mno kuliko ilivyokuwa zamani. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 na ulio chini ya UTT AMIS, huuza vipande kwa watu wa kipato cha kawaida. Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likifanya kazi tangu mwaka 1998. Hati fungani za Serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000, na muda wake hufikia miaka 25. Mwenye hati ya milioni moja yenye riba ya asilimia 12 hupokea shilingi 120,000 kwa mwaka, nusu yake kila miezi sita, na mwisho wa muda hurudishiwa milioni yake. Walimu watano wasioweza kununua mmoja mmoja wanaweza kuunda kikundi kinachotambuliwa na sheria na kununua pamoja.

Nguvu ya jambo hili iko katika muda. Mtumishi anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 20 mahali panapompa asilimia 8 kwa mwaka, na faida ikibaki humo humo, atakuwa ametoa mfukoni shilingi milioni 12, lakini atakuta zaidi ya milioni 29. Haifai kumdanganya kwamba milioni hizo zitanunua kile zinachonunua leo. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka zitakuwa na nguvu ya kama milioni 13 na nusu za sasa. Ndiyo maana kila nyongeza ya mshahara inapokuja, sehemu yake iongezwe kwenye akiba kabla haijazoeleka mezani.

Kuhusu kilimo na mifugo, hekima ya miaka ya 1980 bado ni hai, lakini isigeuzwe kuwa ndoto. Bustani ya mboga, kuku na ng'ombe wa maziwa walio karibu na nyumba ya mwalimu ni mali inayolindwa kwa macho. Ekari kumi za matikiti zilizo mkoa wa mbali, zinazosimamiwa kwa simu na mtu anayetuma picha za shamba la jirani, ni bahati nasibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na haifai mkopo wa mshahara wa miaka saba utumike kuanzisha mradi ambao mwenyewe hajawahi kuujaribu kwa kiasi kidogo.

Jambo la tano, na zito kuliko yote, ni kustaafu. Kikokotoo cha pensheni kimezusha mjadala mkali tangu mwaka 2018, mifuko ilipounganishwa. Waliokuwa wakipata nusu ya mafao yao kwa mkupuo walijikuta mbele ya kanuni ya asilimia 25, ambayo ilisitishwa Desemba ya mwaka huo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya mwaka 2024 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na asilimia 35 kwa lililokuwa likipata robo. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kulalamika, na malalamiko yao yalizaa mabadiliko. Lakini wengi waliolalamika hawakuwahi kukaa na kalamu wakakokotoa kinachowahusu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Mwalimu amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Miezi 360 ikigawanywa kwa 580 na kuzidishwa kwa 14,400,000, pensheni kamili ya mwaka inakuwa takriban shilingi 8,938,000. Mkupuo ni asilimia 40 ya kiasi hicho mara 12.5, yaani takriban shilingi 44,690,000. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, na kumpa takriban shilingi 447,000 kila mwezi.

Tarakimu hizo zisomwe kwa utulivu. Aliyezoea mshahara wa 1,200,000 ataishi kwa 447,000. Mkupuo wa milioni 44 unaonekana kama bahari kwa mtu ambaye hajapata kushika milioni tano kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wastaafu hununua basi kuukuu, hujenga nyumba kubwa isiyokwisha, au huwapa jamaa mitaji isiyorudi, na katika muda mfupi bahari imekauka. Mkupuo uleule ukiwekwa katika hati fungani yenye riba ya asilimia 12 ungezaa shilingi 447,000 nyingine kwa mwezi, na mtaji ukabaki. Riba hubadilika na hakuna wa kuihakikisha kwa miaka yote, lakini hesabu inaonyesha wazi kwamba tofauti kati ya uzee wa heshima na uzee wa kuombaomba inaweza kutokana na uamuzi wa wiki moja.

Zaidi ya hayo, kila mtumishi ahakikishe kwamba michango yake imewasilishwa mwezi kwa mwezi, kwamba tarehe ya kuzaliwa na jina lake vinalingana katika kumbukumbu zote, na kwamba majina ya warithi wake ni ya leo, si ya mwaka alioajiriwa. Wajane na yatima wengi wameteseka kwa sababu ya fomu ambayo marehemu hakuijaza.

Lakini haitakuwa haki kumbebesha mfanyakazi mzigo wote. Mwalimu aliyehamishwa bila kulipwa fedha za uhamisho, au aliyepandishwa daraja na malimbikizo yake yakachelewa, amesukumwa kwa mkopeshaji na ofisi ileile inayomtaka asikope. Semina za wastaafu watarajiwa, zinazotolewa mtu akiwa na miezi sita kazini, ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea mashua ikiwa inazama. Elimu hiyo itolewe siku mtumishi anaporipoti kazini kwa mara ya kwanza, pamoja na kanuni za utumishi, na irudiwe kila baada ya miaka mitano. Maofisa utumishi wahesabu kuwa ni aibu kwa ofisi zao kama watumishi walio chini yao wameweka kadi rehani. Vyama vya wafanyakazi navyo, vinavyopokea michango ya wanachama kila mwezi, viweke somo la hesabu za mshahara katika kila tawi.

Walimu wana wajibu wa pekee. Asilimia, uwiano na riba vimo katika vitabu vyao vya kila siku, na mtoto anayefundishwa kukokotoa riba kwa mfano wa mkopo wa kweli uliopo mtaani kwao hatasahau. Atalipeleka somo hilo nyumbani kwa wazazi ambao hawajawahi kuingia semina yoyote.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba taifa linalotegemea fedha za kuazimwa haliwezi kuwa huru. Nyumba ya mfanyakazi haina kanuni tofauti. Mshahara wa mwezi ujao utaingia tarehe yake. Kabla haujaingia, kila mtumishi ana siku za kutosha kuichukua hati yake ya mshahara, kalamu na daftari, na kuandika kila anachodaiwa, anayemdai na kwa riba gani. Mwenye kadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine aanze na hiyo.